KISHIKWAMBI NA KISOMEO: KIPI KITATUFAA?



Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa shuleni, michango ilihesabiwa mezani ikaonekana yatosha kununua vyombo vichache vya kusomea vitabu vya elektroniki kwa ajili ya maktaba yetu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema, "Tununue vishikwambi, maana kishikwambi kimoja ni kitabu, ni ramani, ni kamera, ni sinema." Wengine wakajibu, "La, tununue vile vyombo visivyofanya kazi yo yote ila kusomewa, maana kijana akipewa sinema hatasoma." Sauti zilipanda. Kisha mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kimya aliinuka, akasema, "Ninyi nyote mnasema kwa kusikia tu. Mpeni mtunza maktaba kimoja cha kila namna, avijaribu muhula mmoja pamoja na vijana, kisha atuandikie katika gazeti la shule. Hapo tutapiga kura."

Mtunza maktaba ndiye mimi. Haya basi ndiyo niliyoyaona, pamoja na niliyojifunza katika kusoma habari za vyombo hivi. Naomba myasome polepole, maana fedha ni zenu, na vijana watakaosoma ni wetu sote.

1. MAANA YA MAJINA

Kishikwambi ni kompyuta bapa isiyo na kibodi ya kubonyeza, ambayo mtu huiendesha kwa kugusa kioo chake kwa kidole. Hapa Bujumbura wengi huiita tableti. Jina la kishikwambi lilienea sana kwa jirani zetu wa Tanzania wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiandika hesabu ya watu ndani ya vyombo hivyo. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile vile viligawiwa walimu. Tazama tabia ya chombo hiki: jana kilihesabu watu, leo kinafundisha.

Chombo cha pili hakijapata jina moja linalojulikana na wote. Ni kibao chepesi kama daftari dogo, kilichofanywa kwa kusomea vitabu tu. Katika makala haya nitakiita kisomeo.

Ili tuelewane, nitatoa mfano wa kwetu. Nenda Buyenzi asubuhi ukawatazame mafundi wa magari. Katika sanduku la fundi kuna spana moja ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa, nayo hufungua nati ya kila kipimo. Pia kuna spana nyingi ndogo, kila moja na kipimo chake. Siku moja nilimwuliza fundi mmoja kwa nini anabeba mzigo wote ule, na hali spana moja yaweza kazi yote. Alicheka, akasema, "Mwalimu, hii moja hunisaidia njiani. Lakini nikitaka kufungua injini, ikiteleza mara moja tu itaila nati, na hapo kazi imekwisha haribika." Kishikwambi ndiyo ile spana ya kila nati. Kisomeo ndiyo spana ya kipimo kimoja. Basi swali letu ni hili: je, kusoma ni kazi ya njiani, au ni kazi ya kufungua injini?

2. ASILI YA VYOMBO HIVI

Wazo la kuweka vitabu ndani ya kompyuta si la jana. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Marekani, Michael Hart, alianza kuandika maandishi ya zamani katika kompyuta ya chuo kikuu ili watu wayapate bure. Kazi yake ndiyo iitwayo Project Gutenberg, nayo leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Mwaka 1972 mtaalamu Alan Kay aliandika juu ya kompyuta bapa ya watoto aliyoiita Dynabook, ambayo mtoto angeweza kuichukua po pote na kusoma ndani yake. Lakini wakati ule ufundi wa kuitengeneza haukuwako.

Mwaka 1998 visomeo vya kwanza viliuzwa Marekani, mathalani Rocket eBook. Havikufanikiwa sana, maana vioo vyake vilikuwa kama vya kompyuta za siku zile na vitabu vilikuwa vichache. Mabadiliko yalikuja kwa wino wa umeme. Mwaka 1997 kampuni ya E Ink ilianzishwa na watu waliotoka katika chuo cha MIT, nao walitengeneza kioo kinachofanana na karatasi. Sony walikitumia katika kisomeo chao cha Librié, kilichouzwa Ujapani mwaka 2004. Tarehe 19 Novemba 2007 duka la Amazon likatoa Kindle kwa bei ya dola 399, na akiba yote ya kwanza ikauzwa kwa muda wa saa tano na nusu tu.

Watu wakadhani mshindi amekwisha patikana. Lakini tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs wa Apple alisimama mbele ya watu akiwa na iPad mkononi, na kuanzia tarehe 3 Aprili ikauzwa kwa dola 499. Ilikuwa na rangi, sinema, muziki, barua na vitabu pia. Uzito wake ulikuwa kama gramu 680, na Kindle ya wakati huo haikufika gramu 300. Hapo ndipo mashindano yalipoanza kweli kweli.

3. JINSI KIOO CHA KILA KIMOJA KINAVYOFANYA KAZI

Vijana wa sayansi, someni sehemu hii mara mbili, maana ndiyo mzizi wa mambo yote yatakayofuata.

Kioo cha kishikwambi kina taa. Katika vishikwambi vingi taa hukaa nyuma, na mbele yake kuna vitundu vingi mno vya rangi ambavyo hufunguliwa na kufungwa kwa umeme. Picha huandikwa upya kama mara 60 kwa kila nukta moja ya saa, hata kama wewe umetulia katika ukurasa ule ule. Kwa sababu hiyo sinema huonekana vizuri, lakini umeme huliwa bila kupumzika. Betri iliyojaa hutosha kama saa kumi za kazi.

Kioo cha kisomeo ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna vifuko vidogo vidogo, na upana wa kimoja ni kama unene wa unywele. Ndani ya kila kifuko kuna maji maji yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi, zilizo na umeme wa namna mbili ulio kinyume. Umeme ukipita upande mmoja, chembe nyeupe huja juu na pale pakawa peupe. Ukipita kinyume, huja nyeusi, nasi twaona herufi. Zikiisha kufika juu, hukaa pale pale bila kuhitaji umeme tena. Umeme huhitajiwa hasa wakati wa kufunua ukurasa, au ukiwasha taa yake ndogo ya kusomea gizani. Kwa hiyo betri ya kisomeo huhesabiwa kwa majuma wala si kwa saa.

Kutokana na hayo hufuata mambo matatu. La kwanza, kisomeo husomeka juani kama karatasi, kwa kuwa hutumia mwanga ule ule unaoliangukia jani la kitabu, na kishikwambi juani huwa kama kioo cha kujitazamia. La pili, kisomeo ni kizito wa mwendo: hakiwezi sinema, na ukurasa ukibadilika huonekana kama umepepesa jicho. La tatu, visomeo vingi ni vya rangi moja, yaani nyeusi na nyeupe na kijivu katikati. Visomeo vya rangi vimekwisha tokea, na Kindle ya rangi ilitolewa mwaka 2024, lakini rangi zake bado ni hafifu na bei yake i juu.

4. MASHINDANO YA SOKONI

Apple walipoingia, wauzaji wa visomeo waliona hatari. Walifanya mambo mawili. Kwanza walishusha bei: Kindle iliyokuwa dola 399 mwaka 2007 ilipata ndugu yake mdogo wa dola 139 mwaka 2010, na mwaka 2011 akaja mwingine wa dola 79 mwenye matangazo ya biashara katika kioo chake. Pili, walimfuata adui nyumbani kwake. Amazon walitengeneza programu ya kusomea vitabu vyao ndani ya iPad, na mwaka 2011 wakauza kishikwambi chao wenyewe, Kindle Fire, kwa dola 199. Muuzaji mwenye akili haulizi mteja anakunywea kikombe gani, maadamu anauza chai.

Hata hivyo, wenye nguvu ndogo walianguka. Mwaka 2014 Sony, waliotangulia wote katika wino wa umeme, waliacha kuuza visomeo kwa watu wa kawaida. Waandishi wengi wa biashara walisema kisomeo kitakufa. Hakikufa. Kobo ya Kanada, iliyonunuliwa na Rakuten ya Ujapani, ingali ikivitengeneza, na Amazon vile vile. Kwa nini? Kwa sababu walikuwako watu waliotaka kusoma tu, na watu hao hawakuwa wachache.

Lakini adui mkubwa wa vyote viwili ni simu iliyo mfukoni. Mwaka 2014 UNESCO walitoa taarifa juu ya watu wanaosoma vitabu kwa simu katika nchi saba, Uganda ikiwa mojawapo, wakaonyesha ya kwamba maelfu ya watu wasio na maktaba karibu nao husoma hadithi nzima katika kioo kidogo cha simu ya bei nafuu. Hapa kwetu pia, nikipanda basi la kwenda Kinama, sioni kisomeo hata kimoja, lakini naona simu katika kila mkono.

5. MAMBO YALIYOTENDEKA AFRIKA

Wengi wenu hamjui ya kwamba nchi yetu ina nafasi katika historia hii. Mwaka 2014 chama cha Kifaransa kiitwacho Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kilileta Burundi sanduku la maktaba lililoitwa Ideas Box, lililochorwa na fundi mashuhuri wa Ufaransa, Philippe Starck. Burundi ndiyo nchi ya kwanza kupokea sanduku hilo. Liliwekwa katika kambi za wakimbizi kutoka Kongo, kama vile Kavumu na Bwagiriza, upande wa mashariki. Likifunguliwa, kwa dakika chache huwa ukumbi wenye meza, viti, kompyuta, sinema na vitabu. Angalieni jambo hili: ndani ya sanduku moja mlikuwa na vishikwambi, na visomeo, na vitabu vya karatasi pia. Waliolipanga hawakusema "hiki au kile". Walikipa kila chombo kazi yake.

Nchini Ghana, mwaka 2010, shirika la Worldreader lilianza kuwapa wanafunzi visomeo, na baadaye kazi ile ikafika Kenya. Watoto walipata vitabu vingi kuliko walivyowahi kuona, lakini vioo vingi vilivunjika, maana chini ya kisomeo cha namna ile mna kioo chembamba sana. Shirika likajifunza kutafuta mifuko imara na kuwafundisha watoto jinsi ya kuvitunza. Nchini Kenya, mwaka 2016, serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza wa shule za msingi, kwa sababu mtoto mdogo huhitaji picha, sauti na mchezo wa kujifunzia herufi. Kisomeo kisingaliweza kazi ile.

6. MAJARIBIO YETU

Sasa nitaeleza yaliyotokea hapa.

Kwanza nitakiri kosa. Kisomeo cha kwanza nilikinunua katika duka moja mjini, kikiwa kimekwisha tumika. Nilifurahia bei yake. Nilipokifikisha shuleni nikaona kimefungwa kwa namba ya siri ya mwenyewe wa kwanza, na muuzaji hakuijua. Juma zima lilipotea katika kwenda na kurudi. Rahisi ni ghali, na mimi niliyewafundisha vijana methali hiyo ubaoni ndiye niliyeisahau dukani. Kisomeo tulichotumia hatimaye kilitolewa na mwenzetu mmoja anayekaa ng'ambo. Kioo chake ni cha inchi 6. Kishikwambi kilikuwa cha inchi 10.

Juma la kwanza kishikwambi kilishinda bila taabu. Somo la biolojia lilikuwa juu ya moyo. Katika kishikwambi vijana waliona mishipa myekundu na ya buluu, na moyo wenyewe ukidunda. Katika kisomeo mishipa yote ilikuwa kijivu, hata kijana mmoja akaniuliza damu safi ni ipi. Kadhalika karatasi za mitihani ya zamani. Hizi zilipigwa picha na kuwekwa katika faili za PDF, ambazo ukurasa wake haubadiliki kipimo. Katika kioo cha inchi 6 maandishi yalikuwa madogo kama chungu wanaohama, na ukiyakuza hapana budi uusukume ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Katika kishikwambi yalisomeka kama karatasi yenyewe. Tena kwa programu ya Kiwix tuliweka ndani ya kishikwambi ensaiklopedia ya Wikipedia, tukaisoma bila intaneti. Nilikuwa karibu kuandika makala haya siku ile ile.

Juma la tatu umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza jioni kishikwambi kilizimika, nacho kikakaa mezani kama kigae. Kisomeo kiliendelea kupita mkono kwa mkono chini ya mwembe, mchana kweupe, wala hakuna aliyeulizia chaja.

Kisha lilitokea jambo ambalo sikulitazamia. Kuna kijana mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa akikaa nyuma darasani, na katika taarifa zake walimu tuliandika "mvivu wa kusoma". Kishikwambi hakukipata kamwe, maana kila saa kilikuwa kimezungukwa na wenziwe wenye viwiko vikali. Kisomeo hakikuwa na wagombanao. Basi alikichukua yeye. Siku nne baadaye nilimkuta nyuma ya maktaba, nikaona ya kwamba amezikuza herufi kiasi cha maneno machache tu kwa ukurasa, naye anafunua, anafunua. Kitabu kilikuwa karibu kwisha. Aliponiona alisimama kwa hofu, akasema, "Mwalimu, kumbe hata mimi naweza kusoma." Macho yake hayakuona mbali, wala karibu hayakuona vema, na miaka miwili tulimwita mvivu. Alipelekwa kwa mganga wa macho, na sasa ana miwani. Kusema kweli, kishikwambi nacho kingaliweza kukuza herufi zile. Lakini hakikumfikia. Chombo kinachopendwa na wote huchukuliwa na wenye nguvu, na kisichogombewa humfikia mnyonge. Jambo hili silo la ufundi wa umeme, lakini naliona ni kubwa kuliko mengi niliyokwisha kuyasema.

Mwisho, nitawaambia habari yangu mwenyewe. Usiku mmoja nilichukua kishikwambi nyumbani, nia yangu nisome sura mbili za historia. Nilipofika ukurasa wa tatu ujumbe ulilia. Nilijibu. Wa pili ulilia. Kisha nikaona matokeo ya mpira, na baada ya matokeo mabao yenyewe. Nilipotazama saa ilikuwa saa saba ya usiku, na historia ilikuwa pale pale ukurasa wa tatu. Ikiwa mtu mzima mwenye funguo za maktaba ameshindwa, tumlaumu vipi kijana wa miaka kumi na mitano?

Wataalamu nao wamelipima jambo linalokaribia hili. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwisho wa mwaka 2014, watu 12 walisoma jioni, siku nyingine kwa kitabu cha karatasi, siku nyingine kwa kishikwambi chenye mwanga. Waliosoma kwa kishikwambi walichelewa kupata usingizi kwa muda wa dakika kumi hivi, na asubuhi hawakuwa wachangamfu. Watu 12 ni wachache, lakini kila mzazi wa Bujumbura anaweza kuthibitisha.

7. MAMBO MAWILI YA KUANGALIA KABLA YA KUNUNUA

La kwanza ni kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa njia ya intaneti havimilikiwi na msomaji kama kitabu cha karatasi. Mwezi wa Julai 2009 Amazon walivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka ndani ya Kindle za watu waliokwisha vinunua, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja kilikuwa kile ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Wenye vitabu walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa Amazon akaomba radhi, lakini somo lilibaki: kitabu kilichoingia kwa hewa chaweza kutoka kwa hewa. Kwa hiyo tutafute kisomeo kinachopokea faili za EPUB kutoka mahali po pote, na tuweke nakala ya kila kitabu katika kompyuta ya maktaba.

La pili ni chakula cha chombo, yaani vitabu vyenyewe. Vya Kifaransa na Kiingereza ambavyo haki zake zimekwisha muda ni vingi na ni bure. Vya Kiswahili ni vichache mno. Ziko hadithi za watoto za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika ya Kusini, zipatikanazo bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Lakini kijana wa sekondari huzimaliza kwa siku mbili. Chombo bila vitabu vya lugha yetu ni chungu kizuri kisicho na unga. Wenzetu mnaoandika, hapa pana kazi yenu.

8. SHAURI LANGU

Mimi sina kura zaidi ya moja, lakini mliniagiza niseme, nami nasema.

Vishikwambi tununue viwili tu. Vikae maktabani, vifungwe mezani, vitumike kwa picha za sayansi, ramani, karatasi za mitihani na ensaiklopedia. Visiende bwenini. Fedha iliyobaki inunue visomeo, kila kimoja na mfuko wake imara, viazimwe kama vitabu, kijana aende nacho nyumbani Kamenge au Musaga, hata kama nyumba yao haina umeme juma hilo. Tena tusinunue cho chote kilichokwisha tumika kabla ya kukiwasha na kukifungua mbele ya muuzaji.

Wala tusiache kununua karatasi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya chunguzi 54, zilizohusu watu zaidi ya 170,000, wakaona ya kwamba katika kusoma habari za kujifunza, hasa mtu akiwa anabanwa na saa, waliosoma katika karatasi walielewa vizuri zaidi kuliko waliosoma katika vioo. Vitabu vyetu vya zamani, ingawa vimetoka majalada, havijashindwa na mtu.

Sababu ya shauri langu ni moja. Kusoma kitabu kizima ni kazi ya kufungua injini. Chombo kinachoweza kila kitu hukuita kwa kila kitu, na mshika mbili moja humponyoka. Kwa kutafuta jambo upesi, chukua kishikwambi. Kwa kukaa na mawazo ya mtu mwingine saa mbili bila kuitwa, chukua kisomeo au karatasi. Na tunapogawanya, tumkumbuke yule wa nyuma darasani.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Njoni mkiwa mmekwisha kufikiri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini betri ya kisomeo hudumu kwa majuma, na ya kishikwambi kwa saa tu? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini karatasi ya PDF husomeka vibaya katika kioo cha inchi 6?
3. Amazon walikuwa wakiuza visomeo. Kwa nini walitengeneza pia programu ya kusomea vitabu vyao ndani ya chombo cha adui yao?
4. Sanduku la maktaba lililoletwa Burundi mwaka 2014 lilikuwa na vyombo vya namna gani? Lingepungukiwa na nini kama lingekuwa na vya namna moja tu?
5. Mwandishi amesema, "Chombo kinachopendwa na wote huchukuliwa na wenye nguvu." Je, ni kweli katika darasa lenu? Toa mfano mmoja, wala usimtaje mtu kwa jina.
6. Insha: "Ningekuwa na fedha za maktaba mkononi mwangu." Maneno 200. Insha tatu zilizo bora zitachapwa katika toleo lijalo.

Mimi ni wenu,
Mtunza Maktaba